Mrejesho: mchezo wa mikia, bila mtoto kukaa pembeni

Niliuliza mchezo gani wa kukimbizana unafaa darasa la watoto 32, mmoja akitumia kiti cha magurudumu, bila anayekamatwa kutolewa nje. Mliosema mikia (kila mtoto anavaa vitambaa kama mikia, na wenzake wanamkimbiza wavivute), asanteni. Unafaa, ila kwa marekebisho.

Kila mtoto achomeke kiunoni vitambaa viwili vya sentimita 40 hivi, sehemu kubwa ining'inie. Visifungwe fundo: kikivutwa, mtoto anakwenda nacho chini. Kwenye kiti, vibanwe kwa vibanio vya nguo juu ya egemeo. Vikishuka vinanaswa na magurudumu.

Kilichosumbua ni nafasi. Watoto 32 ndani ya mita 15 kwa 15 ni vichwa kugongana tu. Gawa makundi mawili, kila moja na uwanja wake. Raundi iwe sekunde 90. Ukizidisha, nusu yao wanatembea.

Aliyepoteza mikia yote anakwenda kwenye ndoo, anarusha na kudaka mpira mara tano (kila mtu anaweza, kuliko zile kurukaruka mlizopendekeza), anachukua mkia mmoja, anarudi. Ndoo moja inazaa foleni. Weka nne, moja kila kona, ndani mikia ya akiba kama kumi.

Wenye mbio watawaandama wale wale wazito. Dawa: ni marufuku kumvuta mtu yule yule mara mbili mfululizo, na vitambaa vihesabiwe kwa timu, si kwa mtoto mmoja mmoja. Kelele za “hujanivuta!” nazo zilipungua.