E-Type ya paa: gari la majaribio au la kiwandani, nichonge ipi?

MchongajiBagamoyo

Wakuu, heshima kwenu. Kazi yangu ni kuchonga magari ya mbao, yale ya kuweka kabatini, si ya watoto kukokota. Kuna mteja ananiagiza Jaguar E-Type yenye paa, lile gari la michezo la Uingereza, na sharti lake ni moja tu: iwe "ile ya mwanzo kabisa". Gogo la mninga lipo na limekauka vizuri. Kipimo nimechukua moja kwa nane. Gari lenyewe lina urefu wa sentimita 445 hivi, kwa hiyo mfano utatoka kama 55 na nusu.

Nilipoanza kukusanya picha ndipo kichwa kikauma. Kuna gari la majaribio la rangi ya kijivu, namba 9600 HP, lililokuwepo Geneva kwenye uzinduzi wa Machi 1961. Kuna zilizotoka kiwandani mwaka huohuo, kuna za injini ya lita 4.2 za kuanzia 1964, halafu kuna za mwishoni mwa 1968 zenye taa wazi. Kwa mbali zote ni ndugu, ukisogea karibu kila moja ina pua yake. Nichonge ipi?

Spana_ya_14

Mkuu, ukitaka mwanzo kwa maana ya mwanzo, basi hata hilo 9600 HP si lenyewe. Jaguar walishatengeneza E1A mwaka 1957, gari la aluminiamu lenye injini ya lita 2.4, likaja kuvunjwavunjwa baadaye. Likafuata E2A, ambalo Mmarekani mwenye timu ya mashindano, Briggs Cunningham, alilipeleka kwenye mbio za Le Mans, Ufaransa, 1960 likiwa jeupe lenye michirizi ya buluu, madereva Dan Gurney na Walt Hansgen. Halikumaliza mbio. Mbele ni E-Type tupu, ila mgongoni bado lina lile pezi la D-Type, gari la mashindano la Jaguar lililotangulia, nyuma ya kichwa cha dereva.

Shida yako ni kwamba yote mawili hayana paa. Na paa halikutoka kwa Malcolm Sayer, mchora maumbo wa Jaguar, peke yake. Sayer alikuwa mtu wa ndege, alitokea Bristol, akaenda kufundisha Baghdad, na mistari ya magari yake aliipiga kwa hesabu. Paa ni kazi ya Bob Blake, fundi bati Mmarekani aliyekuwa kiwandani pale. Alichukua fito nyembamba za kuchomelea, akazikunja juu ya gari la wazi mpaka umbo likakubali, na Sir William Lyons, bosi wa Jaguar, alipoliona akaliidhinisha. Kwa hiyo kama ni E-Type ya paa, 9600 HP ndilo lililo karibu zaidi na mkono wa Blake. Kura yangu iko hapo.

FundiBodi_Gerezani

Mimi kutwa nashinda na bati, acha niseme la boneti, maana kwenye gari hili boneti ni karibu nusu ya kazi yako.

Boneti ya E-Type si bati moja. Ni kipande cha kati na mabawa mawili, vimeungwa kwa bolti upande wa ndani, na ule mstari wa kromu unaoonekana juu ya kila ungio umewekwa kuficha mshono. Utashawishika kuuchonga uwe umeinuka kama urembo. Usifanye hivyo. Kata mshono kwanza kwa msumeno mwembamba, halafu laza waya juu yake. Kivuli kitakaa pale kinapotakiwa.

Njoo kwenye mapezi ya kutolea joto. Kwenye magari ya mwanzo yalikatwa kwenye bati la peke yake, kisha bati hilo likachomelewa ndani ya boneti. Baadaye yakawa yanapigwa mashine moja kwa moja kwenye boneti yenyewe. Kwa jicho la kawaida ni kitu kilekile, ila anayejua anaangalia kingo.

Halafu makomeo, na hapa ndipo mteja wako atakukamata. Magari kama 500 ya kwanza, ukichanganya ya wazi na ya paa, boneti yake ilifungwa kwa nje. Pembeni mwa boneti, mbele kidogo ya mlango, kuna kitako kidogo cha kromu, kulia na kushoto. Unachomeka ufunguo wa umbo la T, unazungusha. Baada ya hapo komeo likahamishiwa ndani, dereva anavuta mkono chini ya dashibodi. Na katika hizo 500 nyingi ni za wazi, za paa ni za kutafuta kwa tochi.

Kwa hiyo mimi nasema chonga ya kiwandani ya 1961 yenye komeo la nje. Gari la majaribio ni moja, na liliguswaguswa kila wiki. Picha ya leo na ya kesho hazilingani, utabishana na mteja mpaka mwisho wa dunia.

Dada_Kabureta

Hamjambo. Naona kaka zangu mmeng'ang'ania pua tu, aliyekaa ndani hamumuulizi hali.

Hizo mnazozisifia zina sakafu tambarare kabisa. Hakuna shimo la kuweka miguu, mtu mrefu magoti yanagombana na usukani. Kiwanda kiliona aibu, mwanzoni mwa 1962 sakafu ikachimbwa. Siti za 3.8, yaani hizo za mwanzo zenye injini ya lita 3.8, nazo ni nyembamba, na kwenye giaboksi gia ya kwanza haina sinkro, kile kifaa cha kulainisha kuingia kwa gia, ukiikosea inakupigia kelele mbele za watu. Zilipokuja 4.2 mwaka 1964, siti zikapata mnofu, gia zote zikawa na sinkro, breki zikaongezewa nguvu. Nguvu za farasi zilibaki 265 vilevile kwenye makaratasi, lakini lile ndilo gari la kuendesha.

Na kwa nje je? 3.8 na 4.2 ya paa ukizipanga bega kwa bega, kinachokuambia hii ni ipi ni beji ya nyuma. Mchongaji, ungepata umbo lilelile bila presha ya makomeo. Ila kama vioo vyako vitaonyesha ndani, angalia dashibodi: za mwanzo katikati ni aluminiamu yenye vidotidoti, 4.2 ni nyeusi isiyong'aa.

MtuWaCoventry

Wakuu, niko Uingereza huku, jirani na makumbusho ya magari ya Gaydon ambako E-Type ya wazi ya mwanzoni, namba 77 RW, huwa inaonyeshwa. Nataka niongeze kitu kuhusu 9600 HP kabla mtu hajaliabudu.

Gari lile lilikuwa na kazi ya kuwashawishi waandishi wa habari. Bob Berry, mtu wa Jaguar, alilikimbiza usiku kucha kutoka Coventry mpaka Geneva, likafika muda umebaki kiduchu. Kabla ya hapo jarida la Autocar walishalipima wakapata maili 150.4 kwa saa, na dunia nzima ikaamini E-Type inakwenda 150. Kisichosemwa sana ni kwamba lilivishwa matairi ya mashindano ya Dunlop, na injini yake haikuchukuliwa tu rafuni. Aliyenunua la kwake dukani alihangaika sana kuifikia ile 150. Kwa hiyo FundiBodi ana hoja: la majaribio ni gari la kupigia picha, la kiwandani ndilo watu waliloishi nalo.

Ila kwa uzuri wa paa, kuna lingine la majaribio hamjalitaja. Mwaka 1962 Sayer alichora E-Type ya mashindano ya kupunguza ukinzani wa hewa: kioo cha mbele kimelala zaidi, paa linashuka mpaka mkiani kwa mstari mmoja mrefu, bodi ya aluminiamu. Lilienda kwa dereva wa mashindano Dick Protheroe, namba CUT 7. Likiwekwa kando ya la kawaida, la kawaida linaonekana limevaa kofia.

KijanaWaThika

Sasa nyinyi wazee mnasahau V12 ya 1971, ile E-Type ya silinda 12! Lita 5.3, madigadi yamepanuka, matairi yanajaza nafasi. Zile za kwanza matairi yamezama ndani, gari linasimama kama mtu amevaa koti la kaka yake. Halafu lina grili, lina uso.

Spana_ya_14

Kijana, kuhusu matairi kuzama nakupa pointi, hilo halina mtetezi. Lakini V12 ya paa ilitoka kwa chesi ndefu tu, ile ya viti vinne iliyoanza 1966. Umbali kati ya matairi ya mbele na nyuma ulitoka sentimita 244 ukaenda 267, na paa likanyanyuliwa ili abiria wa nyuma wapate pa kuweka kichwa. Kwa kipimo cha Mchongaji hizo ni karibu sentimita 3 zaidi, zote zimeingia katikati ya gari. Mlango unarefuka, mgongo unapata nundu. Grili wala sina ugomvi nayo, ugomvi wangu ni nundu.

Kuhusu zile za 1968, taa zilivuliwa kioo kwa sababu ya sheria za Marekani. Mdomo ukapanuliwa ili rejeta ipumue. Indiketa na taa za nyuma zikawa kubwa, zikashushwa chini ya bampa. Kila badiliko lina sababu yake, tena sababu ya maana, ila ukiyajumlisha unaona mtu aliyekatwa nywele na vinyozi watatu tofauti.

MchongajiBagamoyo

Asanteni sana. Dada Kabureta, hoja ya magoti nimeipokea, lakini mteja wangu hatapanda. CUT 7 limenipa tamaa, hilo nitalichonga kwa ajili yangu.

Kwa oda hii nakwenda na ya kiwandani ya 1961, komeo la nje. Dashibodi ya vidotidoti nitaitoboa kwa sindano ya moto kwenye kipande cha kopo la soda. Fundi, kuna kingine cha kuangalia kabla sijaanza kukata?

FundiBodi_Gerezani

Vipo. Mdomo uache mdogo, na ule mwamba wa kromu unaopita katikati yake wenye nembo ya duara uutengeneze peke yake, usiuchonge na mwili. Taa za nyuma ni nyembamba na zinakaa juu ya bampa. Waipa ni tatu, si mbili. Mlango wa nyuma unafunguka kwa ubavu, kwa hiyo mstari wake uzunguke kioo chote, usiishie chini kama wa buti. Nati ya katikati ya rimu ina masikio mawili.

Na spoki za rimu moja ni 72. Usipunguze hata moja. Mteja anayekuambia "ile ya mwanzo kabisa" ni mtu wa kuhesabu.