Injini ya rota kwenye RV-7 inachemka wakati wa kupanda: niongeze rejeta au nibadilishe njia ya hewa?

Mwanaanga_AZ ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaishi Arizona, Marekani, na ndege niliyoiunda mwenyewe, RV-7 ya viti viwili, iko katika kipindi cha majaribio ya kuruka. Injini yake ni 13B iliyotoka kwenye Mazda RX-7, yaani ile ya Wankel, ambayo badala ya pistoni ina rota mbili za pembe tatu zinazozunguka ndani ya nyumba zake, na ujazo wa sentimita za ujazo 1,308. Nataja hilo mapema ili isichanganywe na injini za zamani za wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambazo silinda zote zilizunguka pamoja na propela na zikapozwa na hewa tu.

Maji hupozwa na viini viwili vya evaporeta ya kiyoyozi cha gari, ninavyovitumia kama rejeta, vyenye unene wa karibu sentimita 9, kimoja kila upande wa injini, na kila kimoja kina tundu lake la kuingizia hewa. Kipoza oili ni kile cha RX-7, nacho kiko chini na kina tundu la tatu. Matundu ya rejeta yana jumla ya sentimita za mraba 420, na hewa yote hutokea sehemu moja chini ya ndege, mahali ambapo pia mabomba mawili ya ekzosi yanapita.

Ndege ikiwa katika mwendo wa kawaida angani, kwenye kilomita 300 kwa saa, maji hukaa kwenye nyuzi 82 na oili kwenye nyuzi 88, na sina la kulalamikia. Tatizo liko wakati wa kupanda. Nikiwa kwenye kilomita 150 kwa saa, injini ikitoa nguvu zote, na joto la nje likiwa nyuzi 38, maji hufika nyuzi 104 na oili nyuzi 107 kabla sijafika mita 900 kutoka ardhini, hivyo nalazimika kupunguza nguvu na kuweka pua chini. Nimefikiria kuongeza rejeta ya tatu, au kufunga feni ya umeme nyuma ya kila kiini. Kabla sijatumia fedha, naomba ushauri wa waliowahi kulishughulikia jambo hili.

Rota_Mbili amejibu:

Mkuu, weka pochi mfukoni kwanza. Takwimu zako zenyewe zinaonyesha kwamba rejeta zinatosha, kwa sababu kiini kidogo mno kingekusumbua hata angani. Kinachobadilika kati ya hali hizo mbili ni msukumo wa hewa. Presha inayotokana na mwendo hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kasi ikipungua nusu, presha hubaki robo. Kwenye kilomita 300 kwa saa, hewa ya usawa wa bahari inakupa presha inayoweza kuinua maji kwenye mrija kwa milimita 434 hivi, lakini kwenye kilomita 150 unabakiwa na milimita 108 tu, na ni wakati huohuo ambao injini inazalisha joto jingi kuliko wakati wowote. Feni ya gari huzalisha milimita chache tu za presha ya namna hiyo, kwa hiyo itakusaidia ukiwa unasubiri ruhusa ya kuruka na itageuka kizuizi ukishakuwa hewani. Rejeta ya tatu nayo itagombea hewa ileile.

Wakati ukiendelea na uchunguzi, panda kwa kasi ya kilomita 180 kwa saa inayoonyeshwa na kipima kasi. Presha itapanda kutoka milimita 108 hadi karibu 156 bila kununua chochote, na utapoteza kidogo tu katika kiwango cha kupanda.

Nisisitize kwa nini hupaswi kuizoesha injini hii nyuzi 104. Katika 13B, uwako hutokea upande uleule wa nyumba ya rota kila mara, karibu na plagi, na upande wa pili hupokea mchanganyiko wa baridi, hivyo hakuna nafasi ya joto kusambaa sawasawa. Nyumba za rota ni za alumini na bamba za pembeni ni za chuma cha kutupwa, zote zikiwa zimebanwa pamoja kwa boliti ndefu. Joto likizidi, alumini hutanuka kuliko chuma, pete za mpira zinazozuia maji huumizwa, na siku moja utaona moshi mweupe unapowasha injini asubuhi. Injini inaweza kukurudisha nyumbani ikiwa imechemka, na sifa hiyo ni ya kweli, ila huwa ni kwa gharama ya kuifungua yote.

Swali moja: umeacha themostati, ile vali inayofunguka maji yakipata joto ili yaende kwenye rejeta, au umeitoa? Kule nyumbani fundi wa gari akiona injini inachemka, jambo la kwanza ni kung'oa themostati. Kwenye 13B kuna tundu la njia ya mkato chini ya themostati, na ukiitoa bila kuliziba tundu hilo, sehemu ya maji itazunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta.

Mwanaanga_AZ:

Ahsante sana. Themostati imetolewa, na tundu hilo limezibwa kwa kizibo cha kukaza kama skrubu. Mfumo una kifuniko cha presha cha bar 1.1 na tangi la kutenganisha mapovu katika sehemu ya juu kabisa, kwa hiyo sidhani kama kuna hewa iliyonaswa ndani ya maji.

Fundi_Wilson amejibu:

Mimi si mtu wa injini za rota. Kazi yangu ni ndege ndogo hapa Wilson, Nairobi, uwanja ulio karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 na kila injini hutukumbusha habari ya upozaji. Hata hivyo, hewa haijui kama inapita kwenye silinda ya Lycoming, ile injini ya pistoni ya ndege ndogo, au kwenye rejeta yako.

Nionavyo, wajenzi wengi hutazama tundu la kuingilia na kusahau la kutokea. Hewa haipiti kwenye kiini kwa sababu kuna presha mbele yake. Inapita kwa sababu presha ya mbele ni kubwa kuliko ya nyuma. Ikiwa chumba cha injini kimejaa hewa isiyo na pa kutokea, unaweza kuwa na tundu la mbele kubwa upendavyo na bado kiini kikakosa upepo. Zaidi ya hayo, hewa iliyopashwa joto hutanuka: ikiingia na nyuzi 38 na kutoka na nyuzi 85, ujazo wake unaongezeka kwa asilimia 15, na hiyo ni kabla hujatoa eneo linalokaliwa na mabomba yako ya ekzosi.

Usikisie, pima. Chukua mrija laini unaoonyesha ndani, ukunje umbo la U kwenye kibao chenye karatasi ya milimita, utie maji yenye rangi kidogo, na ukifunge ndani ya chumba cha rubani mahali ambapo abiria anaweza kusoma huku wewe ukirusha ndege. Peleka mrija mmoja mbele ya kiini na mwingine nyuma yake. Ncha iliyo ndani ya njia ya hewa isiachwe wazi kuelekea upepo, maana itapokea msukumo na kukudanganya. Izibe, kisha toboa vitundu vidogo ubavuni kwa urefu wa sentimita kadhaa ili isome wastani. Ukitaka kupima upande mmoja peke yake, mguu wa pili wa U uunganishe na bomba la presha tuli la vyombo vya ndege, yaani presha ya hewa ya nje bila msukumo wa mwendo. Usiuache wazi ndani ya chumba, kwa sababu presha ya humo hubadilika kulingana na madirisha na matundu ya hewa. Urefu wa mirija hauna madhara, kwani hakuna hewa inayopita ndani yake.

Pia kagua mipira inayoziba pembeni mwa viini. Upenyo wa upana wa kidole kuzunguka kiini chote ni mlango mkubwa, na hewa hufuata njia iliyo rahisi.

Mwanaanga_AZ:

Nimepima kama ulivyoelekeza, na matokeo yamenishangaza. Kwenye kilomita 150 kwa saa, mbele ya kiini cha kushoto kuna milimita 85 juu ya presha tuli, na nyuma yake kuna milimita 60. Kile cha kulia hakitofautiani sana. Kwa hiyo kinachoisukuma hewa kupita kwenye kiini ni milimita 25 tu. Tundu la kutokea lina sentimita za mraba 450, na mabomba ya ekzosi yanachukua sehemu yake.

Fundi_Wilson:

Basi jibu umeshalipata. Kati ya milimita 108 zilizopo, njia zako za mbele zinahifadhi 85, na hiyo ni kazi nzuri kwa ndege ya kujiundia, usiziguse. Zile milimita 60 za nyuma ndizo zinazopotea kusukuma hewa kupitia tundu dogo.

Panua sehemu ya kutokea, na ukingo wake wa mbele uweke mdomo unaoshuka kidogo ndani ya upepo, ili hewa ya nje inapoupita ipunguze presha nyuma yake na kuivuta hewa ya ndani. Cessna 206 hufanya jambo hilohilo kwa vibao vya bawaba chini ya injini, ambavyo rubani huvifungua wakati wa kuruka na kupanda, kisha huvifunga angani ili visilete ukinzani. Kwa majaribio, bati la alumini na riveti za muda zinatosha. Likikuridhisha, tengeneza kibao cha kufunguka, kwa sababu tundu kubwa la kudumu litakugharimu kasi.

Mwanaanga_AZ:

Nimefunga mdomo wa bati na kupanua tundu hadi sentimita za mraba 800 baada ya kutoa eneo la mabomba. Sasa mbele ya kiini kuna milimita 78 na nyuma 28, yaani tofauti imekuwa 50, mara mbili ya ile ya awali. Joto la nje lilikuwa nyuzi 38 kama kawaida ya huku, na maji yalisimama kwenye nyuzi 93 wakati wa kupanda kwa kasi ileile. Oili bado inafika nyuzi 103. Je, nayo ni suala la tundu?

Rota_Mbili:

Hongera. Ukitaka kulinganisha majaribio ya siku tofauti, andika tofauti kati ya joto la maji na joto la nje. Kwanza ilikuwa 66, sasa ni 55, na namba hiyo haitabadilika sana hata ukiruka asubuhi ya baridi, kwa hiyo huna haja ya kusubiri jua kali ndipo ujue kama umeboresha.

Kuhusu oili, kumbuka kwamba katika injini hii oili si ya kulainishia tu. Rota hupozwa kwa oili inayorushwa ndani yake, na takriban theluthi moja ya joto linalopaswa kutolewa hubebwa nayo. Waliozoea Lycoming huwa wanafunga kipoza kidogo na kushangaa baadaye. Kipoza cha RX-7 kinatosha kwa wajenzi wengi, mradi kipate hewa isiyokwisha kupashwa joto, nacho kiwe na njia yake tangu tundu hadi kwenye uso mzima wa kiini.

Rudisha kibao chako cha U kwenye kipoza hicho. Tundu la chini mara nyingi hukaa karibu na shina la propela, mahali ambapo bawa la propela ni nene, linakwenda polepole na halisukumi hewa vizuri, kwa hiyo sitashangaa ukikuta presha ya mbele haifiki hata milimita 50. Ikiwa ni hivyo, hapo ndipo kusogeza tundu nje zaidi kutakapolipa. Na ukiona ukuta wa njia ya hewa unatanuka ghafla baada ya tundu, bandika nyuzi za sufi ndani yake na uweke kamera ndogo. Nyuzi zikirudi nyuma kuelekea kwenye tundu, upepo umeachana na ukuta, na nusu ya kipoza haina kazi. Kingine, weka bati la kukinga kati ya ekzosi na kipoza hicho, kwani ekzosi ya rota ni ya moto kuliko ya injini ya pistoni na hupasha kila kilicho karibu hata bila kukigusa.

Mwanaanga_AZ:

Tundu la oili liko sentimita chache tu chini ya shina la propela. Nitapima kabla ya kukata chochote, na kibao cha bawaba nitakitengeneza kikiwa na waya wa kuvuta kutoka chumba cha rubani.

Fundi_Wilson:

Waya huo uwe na mahali pa kujifunga pande zote mbili, wazi na kufungwa. Kibao kinachotetemeka kwenye kilomita 300 kwa saa hung'oa bawaba zake.