"Alifuata nini geto?" Niwajibuje wenzangu wa hosteli?

Mwaka wa Tatu
Habari zenu. Chumbani tuko wanne. Juzi Jumamosi jioni mwenzetu alienda geto kwa kijana wanayesoma naye kozi moja, kuchukua notsi. Alirudi saa nne usiku, kajifunika kanga mpaka kichwani, hasemi na mtu. Alfajiri ndipo akaniambia: alikataa, kijana akafunga mlango.

Koridoni swali la kwanza lilikuwa "Alifuata nini geto?" Na wanaouliza ni wasichana! La pili, mbona hakupiga kelele? Rafiki yangu kabisa akasema, "Kanunuliwa chipsi kuku, alitegemea nini?" Imeniuma, kwa sababu mwaka wa kwanza na mimi ningesema hivyohivyo. Sasa mwenyewe ameanza kujiuliza maswali hayo. Nimwambie nini?

Dada Mwanasheria
Pole sana mdogo wangu, mpe na yeye pole yangu. Kwanza hospitali, leo hii. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na saa hizo zinaisha kesho jioni. Polisi ulizieni Dawati la Jinsia na Watoto, atapewa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Nguo za siku ile zisifuliwe. Zitieni kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki.

Hao wa kelele wasomee kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kinachohusu ubakaji, kilivyorekebishwa 1998. Kinasema wazi kwamba si lazima kuwe na majeraha au dalili za kupambana ili ithibitike hakuridhia. Wengi mwili huganda, sauti haitoki. Nimekaa na mabinti wa namna hiyo, nawajua.

Kaka wa Bweni B
Mimi mwanaume. Bwenini tunaambiana hapana ya msichana ni kujishaua. Kuna binti nilimtumia nauli, akaja, tukala, nilipomgusa akakataa. Nilimwacha aende, lakini wiki nzima niliwatangazia wenzangu kwamba kanila nauli, na hakuna aliyeniuliza nauli ile nilikuwa nainunua nini. Mwambie dada hana kosa.

Mwaka wa Tatu
Asanteni. Tumerudi sasa hivi, dawa ameanza. Nguo zilikuwa kwenye ndoo, bado hazijalowekwa. Tulikwenda watatu, na yule wa chipsi kuku ndiye aliyeshika bahasha njia nzima. Usiku huu analala na taa ikiwaka, tumekubaliana wote chumbani.