Tufunge sensa (vifaa vya kuhisi hatari) kwenye maghorofa ya Kariakoo au tunajidanganya?

Wadau, tangu ghorofa la Kariakoo lianguke Novemba 2024 kuna hoja naisikia kila kona, eti kila jengo refu lifungwe sensa za kupima mtikisiko na kuinama, data iende kwenye simu, hatari ikija tunajua mapema. Mi napinga. Pale watu walikuwa wanasema chini kunachimbwa kupanua sehemu ya biashara huku juu maduka yanauza kama kawaida, sasa anayechimba chini ya nguzo si anaonekana kwa macho? Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia acha na akaacha kweli. Na lile la ghorofa 16 Mtaa wa Indira Gandhi, Machi 2013, watu 36 wakafa, lilikuwa bado linajengwa, hiyo sensa ungeifunga lini?

Mdau wa Kigamboni: Mkuu macho yana mwisho. Daraja la Genoa kule Italia lilianguka 2018 likaua watu 43, nyaya zake zilikuwa zimefunikwa na zege, kutu inakula ndani we nje unaona safi tu. Sisi tuna la Kigamboni linaning'inia kwa nyaya na Tanzanite liko juu ya maji chumvi. Siku hizi kuna vifaa vinasikiliza waya ukikatika ndani ya zege, injinia gani ana sikio hilo? Minneapolis kule Marekani daraja lilivyoanguka 2007 likaua 13, lililojengwa pale pale wakalifunga sensa zaidi ya 300 tangu ujenzi.

Mleta mada: Mi nimesema maghorofa, madaraja yana mwenyewe anayejulikana. Daraja la Hammersmith pale London ufa ulikuwa unafuatiliwa kwa vifaa, joto la Agosti 2020 likautanua, wakafunga daraja hadi kwa waenda kwa miguu. Watu walilalamika weee lakini likafungwa. Nani Kariakoo atafunga ghorofa lenye maduka yote yale wiki ya sikukuu?

Mama Duka: Nyie mnabishana mi niko ndani. Ukuta wa duka langu una ufa, mwenye nyumba kapiga plasta na rangi, umerudi. Nikiuliza naambiwa kama naogopa nihame, na kodi ya miezi sita nishalipa. Mi hata hiyo sensa naitaka, ila itume kwangu sio kwake tu.

Mleta mada: Dada, kama ni nyufa nyembamba kama nywele kwenye plasta tu usihangaike sana, ila ukiwa wa mshazari au unapita kwenye nguzo mwite injinia aliyesajiliwa. Wakati unamsubiri toa plasta kidogo, chukua kipande cha kioo chembamba, kigundishe pande zote mbili za ufa, andika tarehe. Kikipasuka ujue ufa unatembea. Mafundi wamefanya hivyo miaka na miaka, hela ya soda.

Mama Duka: Na akikibandua usiku?

Mdau wa Kigamboni: Si ndo hoja yangu hiyo! Sensa ikituma kwa manispaa na kwa wapangaji wote kwa pamoja hawezi kuibandua kimya kimya, ikizima tu watu wote wanaona imezima.

Mleta mada: Sawa, ikizima manispaa wanakuja siku hiyo hiyo au baada ya barua tatu?