Naomba ushauri: matembezi ya mlimani ya siku moja wakati theluji inapoanza kuyeyuka

Mguu Mzito (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikitembea milimani wakati wa kiangazi pekee, na nilikwisha kujiona mzoefu. Wiki mbili zilizopita, majira ya baridi yakiwa ukingoni, mimi na mdogo wangu tulikwenda kwenye njia ya kilomita 12 ambayo kiangazi tunaimaliza kwa saa nne na ushee. Bondeni hapakuwa na theluji hata chembe, na maua ya kwanza yalikwisha kuchomoza, basi tukaanza safari saa nne asubuhi bila haraka yoyote. Kupanda kulikwenda vizuri, kwani upande ule ulikuwa bado kivulini na theluji yake ilikuwa ngumu. Taabu ilikuja wakati wa kurudi. Kuanzia saa nane mchana, kila baada ya hatua tatu au nne mguu ulizama hadi pajani, na mara moja mdogo wangu alikwama kabisa, nikalazimika kumfukua kwa mikono kwa sababu kiatu chake kilinasa katikati ya mawe chini ya theluji. Tulifika kwenye gari saa mbili usiku, tukimulika njia kwa simu moja tu, maana ya pili ilizimika kwa baridi.

Naomba kujua: tulikosea wapi? Je, ninunue vile vyuma vya meno vinavyofungwa chini ya viatu? Na je, mtu anaweza kujua kabla hajatoka nyumbani kwamba siku fulani haifai? Mdogo wangu anataka turudi mwezi huu huu. Mimi bado ninasitasita.

Dira ya Zamani

Poleni sana, mkuu. Kosa lenu halikuwa kwenye viatu, lilikuwa kwenye saa. Theluji ya kipindi hiki huyeyuka kidogo mchana na kuganda tena usiku, kwa hiyo alfajiri huwa na gamba gumu juu linaloweza kubeba uzito wa mtu. Likishapigwa na jua kwa saa chache, gamba hilo hulegea, na hulegea mapema zaidi kandokando ya mawe na vishina vya miti, kwa sababu vitu hivyo hupata joto na kuiyeyusha theluji kutoka chini. Nadhani mdogo wako alizama mahali pa namna hiyo. Mimi huanza kutembea saa kumi na moja alfajiri, na hutaka niwe nimekwisha kuondoka kwenye theluji ifikapo saa sita mchana.

Hata hivyo, kuamka mapema hakusaidii kitu ikiwa usiku theluji haikuganda. Usiku wa anga jeupe theluji hupoteza joto lake na kuganda hata pale hewa ikiwa juu kidogo ya sifuri. Usiku wa mawingu joto hilo hubaki, na asubuhi utakuta uji. Kwa sababu hiyo, nikifika kwenye theluji ya kwanza huikanyaga kwa kisigino kwa nguvu. Ikinibeba, ninaendelea; lakini nikizama kupita kifundo cha mguu alfajiri yote ile, ninageuza, hata kama nimeendesha gari saa mbili kufika pale.

Kuhusu muda, wengi wetu bado tunatumia kanuni ya mpanda milima Mskoti, Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja ya ziada kwa kila mita 600 za kupanda. Kanuni hiyo haikukusudiwa theluji laini. Mimi huzidisha jibu lake mara moja na nusu, na bado kuna siku ninachelewa.

Nyayo Tulivu

Nijibu swali la vyuma. Vile vya meno mafupi vyenye mpira wa kuvutia juu ya kiatu vinunue, kwani kwenye njia ya kawaida iliyokanyagwa na watu ikageuka barafu vinasaidia mno. Vivae kabla hujafika kwenye barafu, si baada ya kuteleza mara ya kwanza. Lakini visikudanganye ukaenda navyo kwenye mteremko mkali. Huko panahitaji vyuma vya meno marefu pamoja na shoka la barafu, na zaidi ya hayo panahitaji mtu aliyefundishwa kujizuia kwa shoka hilo anapoteleza. Fimbo za kutembelea haziwezi kumzuia mtu aliyekwisha kuanza kuserereka.

Mama Mkwea

Ninakubaliana na Dira kwa sehemu tu. Gamba gumu analolisifu ndilo hilo hilo linaloufanya mteremko uwe kama kioo asubuhi. Anayeanguka pale saa kumi na mbili hasimami mpaka akutane na mti au jiwe. Kwa hiyo, mleta uzi, chagua kwanza njia isiyokatiza miteremko mikali, ndipo upange saa ya kuamka.

Na nimeshangaa kwamba hakuna aliyetaja maporomoko ya theluji. Mengi hutokea kwenye miteremko ya kati ya nyuzi 30 na 45, na si lazima uwe umesimama juu yake, kwani njia tambarare inayopita chini ya mteremko kama huo iko hatarini vilevile. Mahali penye huduma ya tahadhari, taarifa hutolewa kwa ngazi 5. Wengi huiona ngazi ya 3 kuwa "ya katikati" na kwenda zao, ilhali jina lake rasmi kwa Kiingereza ni "considerable", yaani hatari isiyo ndogo. Ukiwa njiani mchana ukaona vibonge vya theluji vinabingirika vyenyewe kutoka juu, hiyo ni theluji iliyolowa inayokuaga. Ondoka. Aliyefukiwa akiwa hai, nafasi yake ya kupona hushuka kwa kasi baada ya dakika 10 hivi za kwanza, na hakuna kikosi cha uokoaji kitakachofika kwa muda huo.

Jambo la mwisho ni vijito. Asubuhi unavuka maji ya kifundoni. Alasiri, theluji ya juu ikishayeyuka, maji yale yale yanafika gotini. Ukisikia maji yakinguruma chini ya theluji unayokanyaga, uko juu ya daraja ambalo unene wake huujui.

Kijana wa Bondeni

Naongeza machache. Kila mita 1,000 za kupanda, joto hushuka kwa takriban nyuzi 6.5; yaani bondeni kukiwa na nyuzi 8, mita 1,500 juu zaidi ni karibu nyuzi 2 chini ya sifuri, kabla ya kuhesabu upepo. Vaa sufu, acha pamba. Miwani ya jua ni lazima, kwani theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale inayounguza macho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye. Simu ikae ndani ya koti karibu na mwili, na taa ya kichwani iwe na betri za akiba.

Mguu Mzito (mleta uzi)

Nawashukuru nyote. Mama Mkwea, nimeipima ile njia kwenye ramani jana usiku. Mita 400 za mwisho kabla ya kilele zinapita chini ya mteremko wa nyuzi 35, nasi tulikaa pale pale tukala chakula cha mchana kwa nusu saa, kwa sababu palikuwa na jua. Nimeifuta njia hiyo hadi kiangazi. Nimepata nyingine ya msituni, kilomita 9, isiyo na mteremko mkali juu yake. Swali dogo: kilomita mbili za chini zina tope zito. Je, tupite pembeni?

Dira ya Zamani

Piteni katikati ya tope, mkuu. Kila anayelikwepa huipanua njia na kuua majani yanayoshikilia udongo. Viatu vitaoshwa.

Mguu Mzito (mleta uzi)

Sawa. Mdogo wangu nimemwambia tunaondoka nyumbani saa tisa usiku. Ameuliza kama nilimaanisha alasiri.