Tupeane uzoefu: Mzee wa Kiasia akishambuliwa San Francisco, tuanzie wapi?

Mwanzisha uzi
Wadau wa Bay Area (eneo la San Francisco na miji jirani), Januari 2021 mzee Vicha Ratanapakdee, miaka 84, mzaliwa wa Thailand, alisukumwa barabarani mjini San Francisco akafariki. Maandamano ya kupinga mashambulizi dhidi ya Waasia yalikuwa mengi, ila familia nyingi mpaka leo hazijui pa kuanzia yakiwakuta. Humu kuna wakalimani, wauguzi na walezi wa wazee. Leteni hatua, siasa tuwaachie wenyewe.

Mkalimani
Ukipiga 911, au 415-553-0123 kama si dharura, usiombe "mkalimani wa Kichina". Taja lugha yenyewe. Wazee wengi wa Chinatown wanaongea Kikantoni au Kitoisan, ambazo ni lugha za Kichina tofauti na Kimandarini; wakiletewa mtu wa Kimandarini wataitikia kwa kichwa kwa adabu tu, na ripoti itaandikwa hivyohivyo.

Mjukuu asifanywe mkalimani. Mzee ataona aibu kurudia mbele yake alivyotukanwa, na mjukuu naye atalipunguza tusi makali. Hapo ndipo kesi ya chuki, yaani ya mtu kushambuliwa kwa sababu ya asili yake, inapofia. Sheria ya California inataka ioneshwe kwamba ubaguzi ulichangia kwa uzito katika kosa, hata kama haukuwa sababu kuu, na mara nyingi ushahidi wenyewe ni yale maneno. Yaandikwe yalivyotamkwa, kwa lugha iliyotumika, matusi na yote. Askari asiondoke kabla hujapata namba ya ripoti. Ukiisoma ukakuta maneno hayamo, omba yaongezwe.

Muuguzi wa zamu
Mkuu, kabla ya ripoti kuna kichwa. Mzee anayemeza warfarin au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda akigonga kichwa, apelekwe hospitali hata akisema hajambo. Damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu, dalili zikaja baadaye: kuchanganyikiwa, kutapika, usingizi usio wa kawaida.

Picha za majeraha pigeni siku hiyohiyo, kisha tena baada ya siku mbili tatu, maana damu iliyovilia huonekana vizuri zaidi ikishakaa. Kila jeraha picha mbili: ya mbali inayoonesha uso, na ya karibu yenye rula au sarafu pembeni.

Mtu wa Stockton Street
Kamera za maduka hujirekodi upya juu ya picha za zamani, nyingine ndani ya siku chache. Nenda siku hiyohiyo, umwombe mwenye duka ahifadhi kipande husika. Saa ya kamera mara nyingi haiendi sawa, kwa hiyo piga picha ya skrini ya kamera na saa ya simu zikiwa pamoja, polisi wajue tofauti ni dakika ngapi. Tukio likiwa ndani ya basi la Muni, yaani mabasi ya jiji, andika namba ya basi lenyewe, njia, uelekeo na saa. "Basi la 30" peke yake halitoshi, yako mengi barabarani kwa wakati mmoja.

Na ukirekodi mtu anapigwa, video mpe yeye au familia yake. Kuirusha mtandaoni bila ruhusa ni kumdhalilisha mara ya pili.

Karani wa fidia
Watu wanang'ang'ana kesi iitwe ya chuki wakidhani ndiyo tiketi ya msaada. Bodi ya fidia ya California, CalVCB, haidai hivyo. Aliyejeruhiwa katika uhalifu anaomba, uwe wa chuki au wa kuporwa mkoba, na hali ya uhamiaji haimzuii. Kikomo ni dola 70,000. Mtu mzima ana miaka 7 tangu tukio.

Inalipa matibabu, ushauri nasaha na mshahara uliopotea, lakini baada ya bima kulipa sehemu yake. Ombi lisilo na taarifa za bima litakwama. Pesa taslimu zilizoibwa hazirudishwi. Wengi hawajui kwamba miwani, meno bandia na vifaa vya kusikia vilivyovunjwa au kupotea kwenye tukio vinaombewa, tunza risiti. Fomu isikutishe, kitengo cha wahanga katika ofisi ya mwendesha mashtaka wa kaunti hujaza nawe bure.

Msindikizaji
Kwenye kujitolea kusindikiza wazee mitaani, kinachoharibu ni watu kumiminika wiki ya habari kubwa kisha kupotea. Afadhali wachache wenye siku maalumu, hasa mwanzoni mwa mwezi wazee wanapokwenda benki. Mara ya kwanza utambulishwe na mtu anayemfahamu. Mgeni kumfuata mzee kwa nyuma, hata akivaa koti la kung'aa, ni kumtia hofu nyingine. Tembea upande wa barabara, kwa mwendo wake, na mkoba abebe mwenyewe.

Mwanzisha uzi
Asanteni. Na kama hataki kabisa kusikia polisi?

Karani wa fidia
Kuna CA vs Hate, 833-866-4283, ya serikali ya jimbo, tangu 2023. Si ya polisi, wakalimani wapo, na hata tusi ambalo kisheria si kosa wanalipokea. Wanapokea simu Jumatatu hadi Ijumaa, saa 3 asubuhi mpaka saa 12 jioni. Nje ya hapo acha ujumbe na utaje lugha ya kupigiwa. Ila mwelezeni mapema kwamba bila ripoti ya polisi, ombi la fidia huwa gumu zaidi.