Nani afungue kesi kwa niaba ya asiyezaliwa?

MwanaChongoleani
Shikamooni wakubwa. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia hapa kwetu Tanga, na barazani tumezungumza sana fidia za mashamba na minazi. Mimi nauliza juu ya wasioandikwa kwenye daftari lolote la fidia, yaani watakaozaliwa. Septemba 2024 Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio kuhusu Vizazi Vijavyo. Je, mtu anaweza kulishika akaingia nalo mahakamani?

Wakili_Ngamiani
Marahaba. Hawezi, kwa kuwa ni ahadi ya kisiasa. Uzito zaidi umo katika maoni ya ushauri ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, yaliyotolewa Julai 2025 kwa ombi lililoasisiwa na Vanuatu, taifa la visiwa katika Pasifiki, ambamo majaji walisema kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria wa kulinda tabianchi na kwamba usawa baina ya vizazi unaongoza tafsiri ya wajibu huo. Lakini wanaoshitakiana pale ni mataifa tu. Mvuvi wa Kigombe hana nafasi.

Kwetu ipo Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, ambayo mkazi yeyote anaweza kuiendea, na ndiyo iliyoizuia Tanzania mwaka 2014 isipitishe barabara ya lami katikati ya Serengeti. Tatizo ni muda. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unatoa miezi miwili tangu jambo litendeke au mlalamikaji alijue, na shauri la bomba hili, lililofunguliwa 2020, lilitupwa Novemba 2023 kwa kuchelewa. Miezi miwili, kwa jambo la miongo! Hapo, kwa maoni yangu, ndipo wajukuu wanapoachwa nje.

Mzee_wa_Jarife
Nimjazie wakili. Ufilipino, mwaka 1993, Mahakama ya Juu iliwakubali watoto walioshitaki juu ya vibali vya kukata misitu kwa niaba yao na ya vizazi vitakavyofuata. Nasi tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayompa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kudai mazingira safi na salama. Silikanti, wale samaki wa kale, walipoanza kunaswa na majarife yetu, yaani nyavu za papa, serikali ilitenga hifadhi ya bahari. Sasa hifadhi hiyo ni ya nani kama si ya watoto?

MwanaChongoleani
Nashukuru, mzee wangu. Wakili, hiyo miezi miwili tuanze kuihesabu lini?

Wakili_Ngamiani
Msisubiri tingatinga. Mradi ukitajwa tu kwenye mkutano wa mtaa, ombeni nakala ya muhtasari, kisha mtafuteni wakili mwezi huohuo.